Mama Honorine na Ngoma ya Kuondoka

Mama Honorine Katongo hajawahi kuona bahari. Maji makubwa kuliko yote aliyoyaona ni ya bwawa moja upande wa Likasi, siku alipokwenda harusini akiwa msichana, na hata hayo aliyatazama kupitia dirisha la gari. Hata hivyo hakuna mtu mtaani kwake Kasungami, Lubumbashi, aliyejua habari za meli kuliko yeye. Alijua kwamba meli ya watalii ina ghorofa nyingi kama hoteli za mjini. Alijua kwamba ina bwawa la kuogelea ingawa yenyewe imo majini, jambo ambalo lilimchekesha kila alipolieleza. Na alijua kwamba kila inapong'oa nanga, abiria hupanda kwenye sitaha ya juu, muziki hufunguliwa kwa nguvu, na watu hucheza mpaka nchi kavu ipotee machoni.

Aliyajua hayo kwa sababu aliyewachezesha watu hao alikuwa mwanawe, Abigaïl.

Abigaïl aliondoka Lubumbashi kwenda Durban kusomea kazi za hoteli, na huko ndiko alikopata kazi melini. Kazi yake huitwa animatrice: husimama kwenye jukwaa dogo, amevaa nguo nyeupe, akionyesha hatua za ngoma, na abiria humfuata. Baharini mtandao ni wa shida, kwa hiyo aliwapigia wazazi wake meli ilipokuwa bandarini, na huko huko alituma video za ngoma. Honorine alizitazama katika soko la mtaa wa Kenya, hapo hapo Lubumbashi, akiwa nyuma ya mafungu yake ya mboga, lengalenga na sombe. Wateja walisubiri. Wengine walisogea kutazama naye, na kila mmoja alitoa maoni yake. Wapo waliosema kuwa wazungu wanajua kuishi. Wapo waliouliza kwa nini mtu afurahie kuacha nchi kavu chini ya miguu yake.

Mume wake, Donat Mulenga, alikuwa katika kundi la pili. Alifanya kazi ya reli maisha yake yote, naye ndiye aliyekuwa akipiga filimbi na kuinua bendera ili treni iondoke. Mara ya kwanza alipoonyeshwa video aliitazama hadi mwisho, kisha akairudisha simu kwa mkewe.

"Bote banacheza mu bateau," alisema. "Ku port kunabaki nani? Sioni hata muntu moya anapunga mukono."

Honorine alimjibu kwamba watu hao hawahami, wanatembea tu, na wiki ijayo watakuwa makwao. Donat alitikisa kichwa. Alieleza kwamba kazini, kabla ya kupiga filimbi, macho yake hayakuwa kwa abiria hata kidogo. Yalikuwa kwa wanaobaki, kwa sababu hao ndio waliosahau kusogea nyuma, ndio walioshikilia mkono wa mtu dirishani mpaka magurudumu yaanze kuzunguka. Honorine akamwambia kwamba yeye alizoea treni za mizigo ya shaba, ndiyo maana uso wake ni mzito. Mzee alicheka. Lakini kila alipozungumza na binti yake alirudia swali hilo hilo, nusu kwa mzaha: kule bandarini amebaki nani? Na Abigaïl alimwahidi kwamba siku moja angemwonyesha.

Donat alianza kuugua wakati wa mvua. Ulikuwa ugonjwa wa figo, na haukumpa nafasi. Walimficha Abigaïl ukubwa wake, kwa agizo la Donat mwenyewe, wakamwambia baba ana homa inayokwenda na kurudi. Siku moja asubuhi, Honorine alipokuwa akimtayarishia uji, Donat alikata roho hospitalini.

Mwili ulipelekwa mochwari, na uani kwao Kasungami pakawa kilio. Turubai lilifungwa, wanawake walikaa ndani juu ya mikeka, wanaume nje wakizunguka mbabula ya makaa. Kaka mkubwa wa marehemu, Lucien Mulenga, katekista wa upande wa Kinsevere, alifika hospitalini asubuhi ile ile, na uani akaongoza mambo yote. Neno lake la kwanza lilikuwa juu ya Abigaïl.

"Mutoto ajue leo," alimwambia Honorine. "Na aseme neno yake ku baba yake. Nitaibeba mie mwenyewe mpaka ku kaburi."

Honorine aliitikia. Aliingia chumbani, akafunga mlango, akapiga simu.

Ni lazima kueleza namna habari za kifo zinavyopelekwa kwa watu wa Kasungami, maana hapo ndipo penye chanzo cha yote. Mtu haambiwi akiwa peke yake. Mama mzazi wa Honorine alipofariki, Honorine alikuwa sokoni. Walikuja majirani wawili, wakamsaidia kufunga mboga zake, wakatembea naye hadi nyumbani wakizungumzia bei ya mafuta ya mawese, na hakujua lolote mpaka alipoona viti uani, na wakati huo walikuwa tayari wamemshika mikono. Kama mtu yuko mbali, hutafutwa kwanza jirani yake, au padri, au mwenye nyumba, akaketi karibu naye. Ndipo simu hupigwa, na swali la kwanza huwa moja tu: kuna nani pembeni yako?

Melini Honorine hakumjua mtu. Hakujua jina la rafiki hata mmoja wa binti yake, wala lugha ambayo angemwomba mtu huyo amshike mtoto wake. Alichokijua ni ukingo wa sitaha. Abigaïl aliwahi kumwonyesha kwa video: chuma kilichofika kiunoni, na chini yake, mbali sana, maji. Simu ilipopokelewa sauti ilikuwa ya kicheko na upepo. Abigaïl alisema yupo pale juu anafunga vipaza sauti. Honorine akaona ule ukingo.

Alimuuliza kama amekula. Abigaïl alisema amekula, akauliza hali ya papa, yaani baba yake. Honorine alisema amelala, na katika maneno yote aliyosema siku ile hilo ndilo alilolijutia kuliko mengine. Kisha akakata.

Nje ya mlango Lucien alikuwa amesimama.

"Umemuambia?"

"Nimemuambia. Analia. Tumuache kwanza."

Lucien aliridhika. Chance, mwanawe ambaye ni dereva wa pikipiki na ndiye mwenye kusimamia kundi la familia kwenye simu, aliombwa asiweke humo salamu za rambirambi, ili mtoto asisumbuliwe na maneno ya watu wengi. Kila mmoja aliona ni busara.

Usiku ulipita kwa nyimbo za Kanisa. Asubuhi akaja Ngosa.

Ngosa ni fundi viatu, na ni wa ukoo wa Mbuzi. Donat alikuwa wa ukoo wa Chui. Kati ya koo hizi mbili kuna utani wa tangu zamani, ambao wenyewe huuita bunungwe, na kilioni mtani ana haki ambayo hata padri hana: anaweza kumtania maiti, kuwachekesha wafiwa, kudai kuku, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Ngosa alijitupa mlangoni kama gunia, akakataa kuinuka. Alitangaza kwamba chui amekufa na sasa mbuzi watalala bila kufunga mlango. Alimlaumu Donat kwa kukimbia kabla ya kushindwa mchezo wao wa bao. Wanawake waliokuwa wamekaukiwa machozi walicheka hadi wakalia upya. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na Ngosa aliijua vizuri.

Mchana, Chance akafungua simu yake na kukuta video mpya ambayo Abigaïl ameiweka watu wote waione. Aliitazama, akataka kuifunga, lakini Ngosa alikuwa amekwisha kumnyang'anya simu.

Video ilionyesha meli ikiondoka Marseille. Jua lilikuwa bado juu. Abigaïl alikuwa jukwaani, mikono hewani, na mbele yake umati wa wazee wenye kofia za majani wakimfuata kushoto na kulia. Riboni za rangi ziliruka. Ngosa aliiegemeza simu kwenye sufuria, akasimama mbele yake, akaanza kuiga kila hatua, kiuno na mikono, na tumbo lake likitetemeka. Watu walicheka.

"Muone, bena Chui," aliwaambia watu wa ukoo wa marehemu huku akihema. "Mutoto wenu anakamata kazi yangu. Baba iko mu morgue, yee anacheza. Sasa mie nitakula wapi?"

Kicheko kilianza na hakikufika mwisho. Lucien alinyoosha mkono, akapewa simu. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akamuuliza mwanawe video hiyo ni ya lini. Chance alisema ni ya jana jioni. Lucien akauliza tena, taratibu, kama anayemsaidia mtoto katika katekisimu: jana, kabla au baada ya kuambiwa? Wote walijua kwamba Honorine alipiga simu mchana.

Mabishano yaliyofuata bado yanakumbukwa Kasungami. Chance alimtetea binti ya baba yake mdogo. Alisema kazi ni kazi, na nesi aliyefiwa na baba bado huwadunga wagonjwa sindano. Mzee mmoja alimjibu kwamba sindano haichezi. Mwingine alisema ngoma hizo za kuondoka ni ulevi wa watu wenye fedha, ambao hawana wa kumlilia, na anayewachezesha hugeuka kuwa kama wao. Mama mmoja kutoka ndani alisema kwa sauti kwamba yeye haoni ubaya wowote. Mtu akisindikizwa kwa furaha, njia humpokea kwa furaha. Chance akaongeza kwamba hata melini watu hawakubaliani, Abigaïl mwenyewe aliwahi kumsimulia: wapo abiria wanaojifungia vyumbani na kulalamikia kelele, wapo wanaotaka tu kusimama kimya na kuuangalia mji ukisogea mbali, na wapo ambao bila ngoma hiyo husema safari haijaanza.

"Abasafiri babishane bao," alisema Lucien. "Mie naongelea mutoto mwenye kufiwa. Kesho ku kaburi tutaita majina ya batoto. Yake haitaitwa. Mwenye kujua na akacheza, hana baba ya kuzika."

Kila mtu alielewa uzito wa maneno hayo. Kaburini majina ya watoto wa marehemu husomwa, na kwa kila jina hutupwa udongo; aliye mbali hutupiwa na ndugu yake. Jina lisiloitwa halirudi. Atakaporudi Abigaïl, hata baada ya miaka kumi, hatakuwa na haki ya kupalilia kaburi la baba yake wala kuketi na ndugu zake.

Ngosa aliona kwamba mzaha wake umezaa nyoka, akajaribu kumuua. Alipiga magoti mbele ya Lucien na kusema kwamba kosa ni lake, amesahau jambo la wazi. Watoto hufuata ukoo wa mama. Honorine ni Mbuzi kama yeye, basi Abigaïl naye ni Mbuzi, ni mtani wa Chui, ana haki ya kucheza kwenye kilio cha Chui yeyote.

"Hata baba yake?" aliuliza mtu.

"Chui ni Chui," alisema Ngosa. "Alikuwa anamuaga na bunungwe. Sivyo, Mama Honorine? Sema tu ndiyo, tumalize, tule."

Honorine alikuwa amesimama kizingitini. Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yake: neno moja tu, na jina la mtoto lingeitwa, na uongo wake mwenyewe ungezikwa pamoja na Donat. Lucien alikuwa akimtazama, na usoni mwake ilionekana kwamba naye alitamani asikie ndiyo.

Aliomba simu. Hakuwa ameiona video hiyo, alisikia muziki tu. Aliitazama akiwa amesimama, na karibu na mwisho picha ikageuka. Abigaïl alikuwa ameshuka jukwaani, amekwenda ukingoni, ameelekeza simu chini gatini. Pale palikuwa na watu watatu au wanne: mfanyakazi mwenye koti la njano, mwanamke aliyembeba mtoto, mzee mwenye baiskeli. Walikuwa wanapunga mikono. Picha ilikaa kwao, bila kutikisika, mpaka wakawa wadogo.

Hakuna mwingine uani aliyejua kwa nini mchezaji ngoma ameacha ngoma ili kuwaonyesha watu wale. Honorine alijua. Mtoto alikuwa akimjibu baba yake swali, na haonyeshwi kitu mtu ambaye unajua kwamba hayupo.

Alirudisha simu.

"Hakujua," alisema. "Mie sikumuambia. Niliwadanganya. Nilisema analia, kumbe alikuwa anacheka, na mie nikamuambia baba yake analala."

Ngosa alijikalisha chini. Lucien alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Alipozungumza, sauti yake haikuwa ya hasira.

"Basi muite sasa. Mie nitakaa pembeni yako."

Walikaa wawili chumbani, juu ya kitanda cha marehemu. Jua lilikuwa limeanza kushuka. Abigaïl alipokea haraka. Alisema wako Barcelona, wanakaribia kuondoka, ana dakika chache tu. Nyuma yake mtu alikuwa akijaribu kipaza sauti.

"Abi," alisema Honorine, "kuko nani pembeni yako?"

Abigaïl amezaliwa Lubumbashi. Hakuhitaji kuambiwa zaidi.

"Hakuna muntu, mama," alisema. "Niko mie moya. Ni papa?"

"Ni papa."

"Leo?"

Honorine alimwambia ukweli, siku na saa. Abigaïl alihesabu saa kichwani, na mama yake alisikia hesabu hiyo ingawa haikuwa na sauti.

"Ile wakati uliniuliza kama nimekula," alisema, "alikuwa amekufa."

"Ndiyo, mutoto wangu."

"Na mie nilicheza. Na bantu bote ba ku kilio banaona."

"Ulicheza bila kujua. Nimebaambia."

Mtu alimwita Abigaïl kwa Kiingereza, mara moja, kisha tena. Honorine alimsihi aombe ruhusa, ajifungie chumbani, alie. Abigaïl alisema watu wamekwisha kupanda, mwenzake anaumwa, hakuna mwingine wa kuanzisha. Alisema hivyo bila kulia, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ukutani. Kisha akauliza swali ambalo mama yake hakulitazamia.

"Nani alimunyoa?"

Tangu akiwa msichana yeye ndiye aliyekuwa akimnyoa baba yake ndevu Jumapili kabla ya Misa, na Donat hakumruhusu mtu mwingine. Baada ya yeye kwenda Durban, alijinyoa vibaya, akijikata kidevuni.

"Tonton Lucien," alisema Honorine. "Asubui ile, ku hospitali. Alimunyoa muzuri."

"Umuambie aksanti," alisema Abigaïl.

Honi ya meli ililia, ndefu na nzito, hata kitanda kilionekana kutetemeka. Abigaïl alitia simu mfukoni bila kuikata. Honorine na Lucien walisikia hatua, kisha muziki, kisha sauti ya binti yao katika kipaza sauti ikiwasalimu abiria kwa Kifaransa, ikihesabu moja, mbili, tatu, ikiwaomba wainue mikono. Sauti ilikuwa safi. Haikuwa na ufa hata mmoja. Honorine alisikiliza akitafuta, kama mtu anavyopapasa nguo gizani akitafuta palipochanika, na asipate. Alitamani ingepasuka, ajue kwamba mtoto wake analia. Muziki uliendelea mpaka meli ikatoka nje ya mtandao, na simu ikanyamaza.

Lucien ndiye aliyesimama kwanza. Aliuliza, kwa sababu ndiye aliyeahidi kulibeba neno, kama hilo la shukrani ndilo neno la mtoto. Honorine alisema hakutoa jingine. Mzee akaenda kusimama dirishani, akimpa Honorine mgongo, akalia.

Asubuhi iliyofuata walimzika Donat. Jina la Abigaïl liliitwa la kwanza, na Lucien mwenyewe alimtupia udongo. Ngosa alibeba jeneza kwa mbele, akiwa kimya, na watu walioujua utani wakasema hawajapata kuona Mbuzi akimzika Chui bila neno.

Kasungami bado hawajakubaliana kuhusu ngoma zile. Wengine husema mtu aliyeweza kuwachezesha watu baada ya habari kama hiyo ana jiwe kifuani. Wengine husema hakuna ngoma iliyowahi kuwa kilio kama ile. Honorine haulizwi sana tena sokoni, na akiulizwa hufunga mboga na kurudisha chenji.

Abigaïl bado yuko melini, mkataba wake haujaisha. Hupiga simu kila afikapo bandarini. Huuliza kama ni wazima, na mama yake hujibu kwamba ni wazima. Hapo huuliza tena.

"Kweli, mama?"

Honorine huapa. Halafu huona kwamba haitoshi, akampa simu yeyote aliye karibu, jirani, mteja, Chance akiwepo, aseme naye kwamba ni kweli, hapa hakuna aliyekufa.